Mgeni Aliyeomba Kukaa Wamaza

Ninyi vijana mnaoshuka Kasongo kutafuta kazi mnaniuliza kila mara: "Baba Amisi, kulinda nyumba isiyo yako, nayo ni kazi?" Nimeimaliza kazi hiyo, sasa ninakaa tu, nafasi ya kujibu ninayo. Ni kazi. Ina ufundi wake na ina makosa yake. Kosa langu kubwa nalitia hapa ili msilirudie, maana nililifanya kwa bidii na kwa usafi, kila asubuhi, muda wa miezi mitano.

Nyumba yenyewe tuliiita jite. Serikali iliijenga hapa Wamaza, kwenye njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, ili Wazungu wa kazi wapate pa kulala: bwana wa teritware, yaani mkuu wa wilaya, akizunguka vijijini, daktari wa malale, padri, mnunuzi wa pamba. Ilikuwa na vyumba viwili, baraza pana, jiko nyuma na choo mbali kidogo. Mbele yake ilipita barabara, na mkono wa kuume, umbali wa kutupa jiwe, kilianza kijiji. Mgeni alilala usiku mmoja, akizidi sana miwili, akaondoka.

Aliyenifundisha ni Mzee Kitenge, aliyeanza kazi wakati Wazungu wangali wakibebwa mabegani katika kiti cha tipoi. Alikuwa mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Moto uwashwe kabla ya jogoo wa kwanza. Kioo cha taa kipya kichemshwe katika maji yaliyoanza baridi, yapande moto polepole, nacho hakitapasuka. Pasi ya makaa ipitishwe kwanza juu ya jani la mgomba kabla haijagusa shati. Godoro lipigwe kwa mpini wa ufagio, maana nyoka naye anapenda nyumba ya serikali. Viatu vya mgeni vielekee mlango, masanduku yake yakae karibu na mlango, na kiti chake cha barazani kielekee barabara, ili akiamka awaone wapagazi wake wakija.

"Mugeni wa jite hafiki," alikuwa akisema. "Anapita tu, hata akilala. Kazi yako ni kumusaidia kupita."

Mimi sikuwa mwanafunzi mzuri. Juma langu la kwanza alikuja mkaguzi wa shule, mtu mnene mwenye haya, akaomba maji ya kuoga. Nikayachemsha katika sufuria iliyokuwa karibu, bila kuuliza. Ilikuwa ile ambayo Mzee Kitenge alipikia samaki wa moshi. Mkaguzi alipotoka kuoga, akavaa nguo nyeupe na kwenda kusalimia kijiji, mbwa wote wa Wamaza wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima. Aliporudi akauliza maji yale yalikuwa na kitu gani. Mzee Kitenge akamjibu bila kucheka kwamba ni dawa yetu ya mbu. Mkaguzi alishukuru sana. Kesho yake akaomba chupa moja ya safari.

Baada ya hapo nilijifunza kuuliza. Nilijifunza pia kujua mgeni wa namna gani anakuja kabla sijamwona. Zamani ngoma ya kijiji cha nyuma ilitupasha habari. Baadaye ngoma zikanyamaza, tukaanza kutegemea madereva wa kamyo, ambao husema watafika mchana wakafika kesho. Nilizoea kusikiliza injini ikipanda kilima: ikilia kwa mashaka, ni mizigo mingi, basi ni mnunuzi wa pamba, tayarisha pombe. Ikipanda kwa wepesi, ni bwana wa teritware, tayarisha uso.

Mzee Kitenge alikufa, mimi nikabaki peke yangu na sheria zake. Mwajua jite si mahali pa mtu kupata rafiki. Unamfahamu mtu jinsi anavyokoroma na anavyokunywa chai, kisha unamwambia safari njema, na humwoni tena. Kijijini nako walinihesabu mtu wa serikali. Nilipokaribia, mazungumzo yalihamia kwenye mvua.

Sasa niwaeleze yule aliyekuja akiwa hana safari.

Alifika mwanzo wa kiangazi, juu ya kamyo ya chumvi, na masanduku manne na baiskeli ambayo nilikuja kuona kwamba haipandi, anaikokota tu kama mbuzi. Mzungu mrefu, mwembamba, nywele nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa chetu hasa, cha Maniema, cha mtu aliyekijifunza kwa wafanyakazi na si kwa kitabu. Nikamwambia jina langu, nikamuuliza atalala siku ngapi.

"Sijui, Amisi," akasema. "Kazi nimeimaliza. Nilipita huku zamani mbio sana. Sasa nataka kukaa."

Mimi sikumjua, lakini kabla masanduku hayajaingia ndani kijiji kizima kilikwisha kumjua. Ndiye aliyesimamia kazi ya barabara hii ilipolimwa, wakati wanaume wa kila kijiji walipotolewa kwa nguvu kuja kukata milima kwa jembe na kubeba mawe kichwani. Alikuwa akipita kati yao, saa mkononi, akisema neno moja tu tangu asubuhi hadi jioni. Kwa neno hilo walimpa jina: Bwana Mbiombio.

Mama Feza, aliyeniletea maji ya jite kila siku, aliweka mtungi chini akamtazama kutoka jikoni kwa muda mrefu.

"Ule Bwana alimaliza haraka yake yote kwetu," akasema. "Sasa anatuletea polepole yake."

Sikucheka, kwa kuwa nilijua habari zake. Mume wake, Saidi, alichukuliwa kwenye kazi ile ya barabara wakati binti yao Feza angali tumboni. Hakurudi. Wenzake waliorudi walisema alikufa kwa homa, akazikwa kando ya njia, lakini wao walikuwa kundi jingine, hawakujua mahali. Kapita wake, msimamizi wa kundi lake, alikufa pia. Kwa hiyo Mama Feza alikuwa mjane asiye na kaburi. Miaka yote alipita barabara ile kwenda sokoni na kwenda kuomboleza kwa watu, asijue ni wapi anapopaswa kusimama.

"Muulize," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao."

Akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mnapotaka kuchuma papai bichi. Akasema kwamba mtu wa njia haulizwi habari ya marehemu. Mtu wa njia atakujibu kitu chochote ili apite. Na akikujibu kweli, ataondoka nayo maiti yako katika mdomo wake, akaifanye hadithi mbele ya watu wengine. Neno kama hilo huulizwa mtu aliyeketi, mwenye uwanja wa nyumba yake, aliyekula chakula chako, ambaye akisema uongo leo, kesho utamkuta palepale. Hivyo ndivyo wakubwa walivyofanya, naye hakutaka kuvunja.

"Kama atapewa uwanja hapa," akasema, "siku ile ile nitamupelekea sombe na ugali. Akisha kula nitamuuliza. Mbele ya pale, hapana."

Basi tukangoja, yeye kwa sababu yake, mimi kwa kazi yangu.

Nataka mjue jinsi mzee yule alivyokaa, kwa sababu sijaona mtu mwingine aliyejua kukaa namna ile, na mimi mwenyewe sasa ninajaribu na sijaweza. Asubuhi alikunywa chai barazani hadi ipoe. Kisha alikokota baiskeli yake kwenda kijitoni, akaketi juu ya jiwe kutazama wanawake wakiloweka mihogo, mbali kidogo ili wasifadhaike. Alirudi na maswali. Ndege yule mwenye mkia mrefu anaitwa nani kwa Kibangubangu? Kwa nini mashamba ya mpunga ya Waislamu yako upande huu na yale ya Wakristo upande ule? Nilipomjibu kwamba ni kwa sababu ya ugomvi wa mbuzi, wala si wa dini, alicheka hadi akakohoa. Siku nyingine alitazama mama mmoja akikamua mafuta ya ngazi za mchikichi kutoka mwanzo hadi mwisho, nusu siku, bila kusema neno. Aliporudi aliniambia: "Nilikaa katika nchi hii miaka mingi, Amisi, na mafuta hayo nilikula kila siku. Sikujua kwamba yanaimbiwa."

Lakini alikuwa peke yake sana. Akisogea barazani kwa watu, wote walisimama, wakavua kofia, wakanyamaza. Angeketi kidogo katikati ya ukimya ule, kisha angeaga. Nyuma yake mazungumzo yalianza tena kama vyura mtu akishapita. Jioni alikaa katika kona ya baraza ya jite, akiangalia moshi wa kijiji ukipanda, mahali watu walipokuwa wakicheka.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, nalo ni dogo hivi: jioni alikigeuza kiti kielekee kijiji. Asubuhi, kabla hajaamka, mimi nilifagia baraza, nikakiona kiti kimekaa upande, nikakirudisha kielekee barabara. Nilidhani anakimbia jua la jioni. Yeye akiamka alikaa kama alivyokikuta. Jioni alikigeuza. Asubuhi nilikirudisha. Hakusema kitu, nami sikufikiri kitu. Mkono wangu ulikuwa na miaka mingi katika sheria za Mzee Kitenge, wala haukuniuliza.

Miezi mitano ilipita hivyo. Bwana wa teritware alituma barua: jite si nyumba ya kuzeekea. Mzee akipewa uwanja na wenyeji, atamwachia ajenge. Asipopewa, mvua zikianza arudi kwao Ulaya. Mzee akavaa koti, akaenda kwa sultani wa kijiji, akasimama mbele ya wakubwa na kuomba kwa maneno machache mahali pa kujenga nyumba ya vyumba viwili, pa kukaa hadi kufa. Kisha akaambiwa arudi jite, wazungumze.

Wakazungumza kutwa. Wengine walisema huyu alitutesa, aende. Wengine walisema amekuwa mzee, mzee hana kabila. Wanawake walikuwa nyuma ya uzio, na Mama Feza kati yao. Mwisho sultani akaniita.

"Amisi, wewe unamufulia nguo. Tuambie wewe. Roho ya huyu mutu iko hapa, ama iko njiani?"

Vijana, sikuwahi kuulizwa neno zito katika kijiji kile. Mimi niliyenyamaziwa, leo wote walinyamaza wanisikie. Nikasimama. Nikajiambia nitasema tu nilichokiona kwa macho yangu, nisiongeze wala nisipunguze, kama shahidi mwema.

"Sultani," nikasema, "kila asubuhi nikimupelekea chai, ninamukuta anaangalia barabara."

Ilikuwa kweli tupu. Mzee mmoja akacheka kwa pua, akasema basi anangoja kamyo. Sultani akasema uwanja wa mtu anayengoja kamyo huota majani. Jambo likaisha hapo. Nyuma ya uzio nilimwona Mama Feza akijifunga kitambaa chake upya, polepole, kisha akaondoka bila kuaga wenzake.

Mzee alipokea jibu kwa adabu. Akanishukuru kwa miezi yote. Siku kamyo ilipokuja, masanduku yake manne yalikuwa tayari karibu na mlango, niliyaweka mimi. Alisimama barazani, mkono juu ya kiti.

"Kila jioni nilikigeuza hiki," akasema. "Kila asubuhi nilikikuta kimerudi. Nilielewa, Amisi. Nyumba hii ilikuwa inaniambia niende, na wewe ulikuwa na aibu ya kusema. Sina kinyongo. Mimi nami niliwaambia watu wa hapa waende mbio, tena sikuwa na aibu."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba ni ufagio tu, ni mkono wangu, ni Mzee Kitenge. Dereva akapiga honi. Na mdomo wangu, uliozoea kazi yake kama mkono ulivyozoea yake, ukatoa maneno ambayo ulikuwa umeyatoa kwa kila mgeni tangu ujana wangu.

"Safari njema, Bwana."

Akapanda. Vumbi liliposhuka niliketi katika kile kiti, jambo ambalo sikulifanya hata siku moja, nikakigeuza. Niliona kijiji chote, nyumba baada ya nyumba. Niliona mlango wa Mama Feza.

Asubuhi ile ile nilikwenda kwa sultani nikakiri. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema barua ya jibu kwa bwana wa teritware imekwisha kwenda na kamyo ile ile, na kwamba angekuwa kijana angenipiga. Kisha nikaenda kwa Mama Feza. Yeye hakunitukana. Aliuliza tu treni ya Wazungu inaondoka siku gani. Nikamwambia Jumamosi, ng'ambo ya Lualaba. Akasema ni siku nne. Kisha akaingia ndani.

Mzee alikuwa ameniachia baiskeli yake. Nikaipanda. Siku tatu hadi Kasongo, mvua ya kwanza ikinipiga, na nilipofika nilimkuta katika nyumba ya wageni ya pale, ameketi mlangoni, masanduku kando yake. Nilimweleza habari ya kiti nikiwa bado nimesimama kwenye matope. Halafu alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha, akasema kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyemtunza vizuri kama mimi.

Nikamuuliza habari ya Saidi wa Wamaza, mume wa Mama Feza, aliyekufa katika kazi ya barabara. Nilijua navunja desturi, kwa kuwa alikuwa mtu wa njia sasa kuliko wakati wowote. Lakini ni mimi niliyemfanya hivyo.

"Nilikuja Wamaza kwa ajili ya swali hilo," akasema. "Nilifikiri, nikikaa nikiwaelekea watu, siku moja mmoja wao ataniuliza. Hakuna aliyeniuliza."

Kisha akaniambia anachokijua. Ukitoka Wamaza kwenda Kabambare, baada ya daraja la tatu, mkono wa kushoto, chini ya ukingo uliokatwa, walizikwa watu watatu wa Wamaza katika juma moja, wote wa homa. Aliamuru wazikwe mbio ili kazi isisimame. Saidi lazima alikuwa mmoja wao, kwa sababu watu wa Wamaza hawakufa mahali pengine katika kazi ile.

"Yupi?" nikauliza.

Aliangalia mikono yake.

"Mwambie yule mama kwamba sikuuliza majina."

Nikamwambia arudi, sultani sasa anajua kweli. Akatikisa kichwa, tiketi ilikuwa mfukoni, na bwana wa teritware alikuwa amekwisha kutia sahihi kwamba arudi Ulaya. Nilimsaidia kubeba masanduku hadi kwenye mtumbwi wa kuvukia. Safari hii sikumwambia kitu. Alivuka akiwa ameketi kinyume, uso kwetu. Sikupata habari zake tena.

Nilirudi Wamaza nikamwambia Mama Feza yote, hata lile neno la mwisho. Nilifikiri kulificha, lakini nilikuwa nimeshaona ushahidi wangu nusu unafanya nini. Alisikiliza akichambua mchele. Kesho yake alikuja jite na majembe mawili begani, akanipa moja.

Tuliyakuta makaburi palepale. Matuta matatu yaliyoshuka, majani yamefika kiunoni, na yeye alikuwa amepita hapo mara nyingi akienda Kabambare na kapu kichwani. Alianza na la kwanza, akalisafisha hadi udongo mwekundu ukaonekana. Akasogea kwenye la pili. Alipofika la tatu nilimuuliza kama moyo wake umemwambia Saidi ni yupi.

"Haujaniambia," akajibu, bila kuacha kulima. "Lakini hawa wengine nao iko na wake wao mahali."

Tulifanya hivyo kila kiangazi. Mama Feza sasa hayupo, nami kazi ya jite nimeimaliza, siku zangu ni ndefu. Kiangazi kikifika ninakwenda peke yangu hadi daraja la tatu. Ninapalilia yote matatu, kisha ninaketi ukingoni hadi jua lishuke, nikiyaelekea.